Kwa Nini Chuma Hukubali Nyundo

Msomaji, twaa msumari mmoja na bonge la chumvi ya mawe, uviweke juu ya jiwe, kisha uvipige vyote viwili kwa nyundo. Chumvi itapasuka vipande vipande, na ukizidi kuipiga itakuwa unga. Msumari utabonyea, ukizidi kuupiga utakuwa bapa, lakini hautavunjika. Jambo hili ni la kila siku, na kwa sababu ni la kila siku hatuoni ajabu yake. Vitu hivi viwili vyote ni vigumu. Vyote vimefanywa kwa chembe ndogo mno, ziitwazo atomi, zilizoshikana. Kwa nini basi kimoja huangamia kwa pigo, na kingine hulipokea pigo kikabadili umbo lake tu?

Ajabu ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Wanadamu walilitumia jibu la swali hili kwa miaka zaidi ya 5000 kabla ya kulijua. Walifua majembe, mikuki, visu na kengele. Walijua ni wakati gani chuma cha moto kichovywe majini na ni wakati gani kiachwe kipoe polepole. Walijua kuwa shaba ikitiwa kitu kingine huwa ngumu. Lau ungaliwauliza sababu, mmoja angalitaja nguvu ya moto, mwingine mizimu, mwingine usafi. Katika habari hizo hapana iliyokuwa kweli, lakini majembe yalilima.

Tuanze na shaba, maana ndiyo iliyotangulia. Mara nyingine shaba nyekundu huonekana ikiwa tupu katika miamba, nayo ni laini, hata kisu chake hupoteza makali upesi. Kiasi cha miaka 3000 kabla ya kuzaliwa Kristo, mafundi wa nchi za Mashariki ya Kati walikuwa wakiichanganya na bati, sehemu moja hivi ya bati katika kila sehemu kumi, wakapata bronzi. Bati nalo ni laini, tena laini kuliko shaba. (Sisemi mabati ya kuezekea nyumba, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki, nasema bati lenyewe, ambalo ukanda wake mwembamba waweza kuupinda kwa vidole.) Laini mbili zilipokutana zilizaa kitu kigumu. Mchanganyiko wa namna hii, wa metali na metali, au wa metali na kitu kisicho metali, huitwa aloi. Shaba ikichanganywa na zinki huwa shaba nyeupe, ile ya misumari mikubwa katika milango ya kale ya Unguja.

Chuma ni habari nyingine. Mawe yake yamejaa duniani kote, lakini hakitoki katika mawe hayo kwa urahisi. Chuma tupu huyeyuka kwa joto la digrii 1538 za Sentigredi, na matanuri ya kale ya nchi nyingi hayakufikia joto hilo. Mhunzi hakukiyeyusha basi, alikitenga. Moshi wa makaa ndani ya tanuri uliinyang'anya mawe oksijeni yake, na chini ya tanuri likabaki bonge lenye matundu kama sifongo, lililochanganyika na takataka ambazo wahunzi wetu waliziita mavi ya chuma. Bonge hilo liliwekwa juu ya fuawe likapigwa lingali jekundu mpaka takataka zikakamuka, kikabaki chuma.

Kazi hii ilijulikana sana katika nchi zetu. Wakikuyu walichekecha mchanga mweusi wenye chuma katika vijito vyao. Wasamia, karibu na Ziwa Victoria, walikuwa na sifa ya majembe. Na mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 akiwa kwa mfalme wa Sisilia, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wafanyaji biashara wa chuma. Hata hivyo mhunzi hakuheshimiwa kwa namna moja kila mahali. Kwa Wakikuyu laana yake iliogopwa kuliko laana nyingi. Wamaasai waliipata mikuki yao kwa wahunzi, lakini waliwadharau wala hawakuoa katika jamaa zao. Mtu ajuaye jambo ambalo wengine hawalijui, tena hawawezi kuishi bila ya hilo, huogopwa au hutengwa. Hilo ni la binadamu wote, si la Wamaasai peke yao.

Nataka tusimame kidogo katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Mwaka 1978 wataalamu wawili Wamarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha habari iliyowashtua wengi. Walikuwa wamekwenda kwa wazee wa Kihaya waliofanya kazi ya chuma katika ujana wao, wakawaomba wajenge tanuri kama la zamani. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miaka mingi, kwa kuwa chuma cha bei nafuu kilikuja kwa meli kutoka Ulaya, na mtu mwenye akili hachomi msitu kupata jembe ambalo anaweza kulinunua dukani. Wazee walikumbuka kidogo, wakakosea, wakajaribu tena, mpaka wakafaulu.

Tazama walivyofanya. Walichimba shimo wakalikandika udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto. Ndani ya shimo walichoma matete ya bwawani mpaka yakawa makaa meusi, na makaa hayo yakabaki yamejaa humo. Juu ya shimo walijenga mnara mfupi kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Kisha wakaingiza mabomba ya udongo kutoka kwenye mivukuto. Wala mabomba hayo hayakuishia mlangoni mwa tanuri, bali yaliingizwa ndani kabisa, hivyo pumzi ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kuyafikia makaa. Bonge lililotoka halikuwa chuma laini kitupu. Sehemu zake nyingine zilikuwa chuma cha pua. Mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa katika nchi hiyo, mengine ya miaka 1500 na zaidi, yalionyesha kazi iliyofanana na hiyo. Wataalamu wengine wamebisha juu ya kiasi cha joto na juu ya faida ya kuipasha hewa, na ubishi wao una maana. Lakini lililo kubwa kwangu ni hili: lau wazee wale wangalifariki kabla ya kuulizwa, yangalibaki mavi ya chuma na vigae vya mabomba, na pengine hapana mtu ambaye angalijua matete yale yalikuwa ya nini.

Matete yalikuwa ya nini, basi? Hapo tunaifikia siri iliyowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi: chuma cha pua kinatofautianaje na chuma cha kawaida? Tangu zama za Wayunani ilidhaniwa kuwa chuma cha pua ni chuma kilichosafishwa zaidi na moto. Mawazo hayo yalikuwa na sura ya kweli, kwani kisu kizuri huonekana kisafi kuliko jembe. Mwaka 1722 Mfaransa Réaumur alishika njia iliyo kinyume. Alisema chuma cha pua hakikupunguziwa kitu, bali kimeongezewa kitu ndani ya moto. Ila kitu chenyewe hakukitambua, akakiita viberiti na chumvi. Mwaka 1781 Bergman, mwanakemia wa Uswidi, aliyeyusha aina mbalimbali za chuma katika asidi, akaona masalio meusi yakibaki, machache katika aina moja, mengi katika nyingine. Na mwaka 1786 Wafaransa watatu, Vandermonde, Berthollet na Monge, wakakitaja kitu hicho: ni kaboni, yaani kile kile kilichomo katika makaa.

Kiasi chake ni kidogo cha kushangaza. Chuma laini cha kufuliwa kina kaboni iliyo chini ya sehemu moja katika elfu. Kikipata sehemu tano au kumi katika elfu, huwa chuma cha pua, cha upanga na shoka. Kikipita sehemu ishirini katika elfu na kufikia arobaini, huwa chuma cha kusubu, ambacho huyeyuka kwa joto dogo zaidi na hukubali kumiminwa katika kalibu, lakini ukikipiga kwa nyundo huvunjika kama chungu. Makaa ya matete yalikuwa yakikilisha chuma kaboni. Mhaya hakuijua kwa jina. Aliijua kwa kazi yake.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya chuma cha pua. Michael Faraday, ambaye twamkumbuka kwa habari za umeme, na ambaye baba yake alikuwa mhunzi, alijaribu baada ya mwaka 1818 kuchanganya chuma cha pua na fedha, na platini, na metali nyingine, kwa kutamani kuufikia ubora wa chuma cha pua cha Bara Hindi. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza namna ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuichoma kaboni iliyozidi, na bei ya chuma cha pua ikaanguka. Reli zikaenea mabarani. Watu wakajenga madaraja na meli kwa kitu ambacho waliweza kukipima, kukivuta na kukipinda, lakini bado hawakuweza kusema kwa nini kinapindika.

Kisha ikatokea habari ya Alfred Wilm. Mjerumani huyu alitafuta aloi ya alumini iliyo ngumu kiasi cha kufaa kwa maganda ya risasi mahali pa shaba nyeupe. Alumini ni nyepesi, lakini kama ujuavyo kwa sufuria za jikoni, hubonyea upesi. Wilm aliitia shaba kiasi cha sehemu nne katika mia, na magnesi kidogo, akaipasha moto sana, akaizamisha majini kama mhunzi afanyavyo chuma cha pua. Akaipima. Haikuwa ngumu kama alivyotumaini. Yasemwa kuwa siku hiyo ya mwaka 1906 ilikuwa Jumamosi, na kazi ikaachwa hapo. Jumatatu kipande kile kile kilipopimwa tena, ugumu wake ulikuwa umeongezeka sana. Hapana aliyekigusa. Hakikupashwa moto wala hakikupigwa nyundo. Kilikaa tu juu ya meza, kikajikomaza.

Chuma cha pua huwa kigumu mara kikizamishwa, na twaweza kuridhika kwa kusema maji yamekishtua. Lakini metali inayojikomaza ikiwa imetulia ilikuwa fumbo lisilo na mfano. Aloi hiyo ilipewa jina la duralumini, kutokana na mji wa Düren ilikotengenezwa, ikatumiwa kwa mifupa ya meli za angani za Wajerumani na baadaye kwa eropleni. Wilm mwenyewe aliiacha kazi ya metali, akawa mkulima.

Jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alithibitisha kuwa ndani ya atomi mna chembe ndogo zaidi zenye umeme hasi, ziitwazo elektroni. Mwaka 1900 Paul Drude, Mjerumani, alisema kuwa katika metali baadhi ya elektroni huzunguka huru. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walipitisha miali ya eksirei katika fuwele, na mara baada yake William Bragg na mwanawe Lawrence wakaitumia miali hiyo kujua jinsi atomi zilivyopangwa, safu juu ya safu, katika chumvi, katika almasi na katika metali. Na mwaka 1916 Kossel wa Ujerumani na Lewis wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, wakaeleza kuwa kinachozifunga atomi ni elektroni zake za nje.

Sasa rudi kwenye bonge lako la chumvi. Chumvi ina sodiamu na klorini. Atomi ya sodiamu hutoa elektroni moja ikabaki na umeme chanya. Atomi ya klorini huipokea ikawa na umeme hasi. Na vyenye umeme tofauti huvutana. Katika fuwele ya chumvi hupangwa moja chanya, moja hasi, kila upande. Pigo la nyundo husukuma safu moja mbele kidogo, na mara chanya hukabili chanya, na hasi hukabili hasi. Walioshikana huwa wanasukumana, na fuwele hupasuka. Katika almasi kifungo ni cha namna nyingine: kila atomi ya kaboni huwa na ushirika na jirani zake wanne, kila jirani kwa jozi yake ya elektroni. Kifungo hicho ni kikali mno, hata almasi hukwaruza kila jiwe. Lakini hakikubali kusogezwa, kwa hiyo nyundo huivunja almasi pia.

Metali haina mapatano ya wawili wawili. Kila atomi hutoa elektroni zake za nje ziwe za wote, kama maji ya kisima cha kijiji. Atomi zimesimama katika safu zake, na elektroni zimeenea kati yake zikizishika zote pamoja. Safu moja ikisogezwa, kila atomi hupata majirani wapya, lakini kisima ni kile kile. Kwa hiyo hazitengani. Ndiyo sababu msumari ulikuwa bapa usivunjike. Ndiyo sababu pia umeme hupita katika waya wa shaba, kwa kuwa elektroni zilizo huru hukubali kusukumwa, na ndiyo sababu kijiko cha chuma katika uji wa moto huunguza mkono ilhali mwiko wa mti hauunguzi.

Hata hivyo hesabu haikulingana. Yakov Frenkel alikadiria mwaka 1926 nguvu itakiwayo kuitelezesha safu nzima ya atomi juu ya nyingine, na ikaonekana kuwa metali safi hupindika kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, mara elfu na zaidi. Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walitoa jibu moja. Umewahi kumtazama jongoo akitembea? Hainui miguu yake yote pamoja. Wimbi dogo hupita toka mguu hata mguu, na kila wakati ni miguu michache tu iliyo hewani. Metali nayo hutelea hivyo. Katika mpango wa atomi mna kasoro, mahali ambapo safu imekatika, na kasoro hiyo husafiri kama lile wimbi la jongoo. Atomi chache husogea, kisha nyingine, mpaka safu nzima imehama kwa nguvu ndogo.

Hapo mafumbo yote matatu yakafunguka kwa ufunguo mmoja. Ukitaka metali iwe ngumu, lizuie lile wimbi. Atomi ya bati ni kubwa kuliko ya shaba. Ikikaa katika safu za shaba huzitanua na kuzipotosha, na wimbi hukwama hapo. Atomi ya kaboni ni ndogo, huingia katika nafasi zilizo kati ya atomi za chuma. Chuma kikiwa chekundu kwa moto safu zake hupangwa kwa namna yenye nafasi za kuipokea; kikipoa polepole hujipanga upya na kuifukuza kaboni; bali kikizamishwa majini ghafula, kaboni hunaswa ndani, safu hupindana, na wimbi halina njia. Chuma hicho huwa kigumu sana, tena chepesi kuvunjika, kwa maana kitu kisichoweza kutelea hakina jingine la kufanya kikipigwa ila kupasuka. Kwa sababu hiyo mhunzi hodari hukirudisha motoni kidogo baada ya kukizamisha, akatoa sehemu ya ugumu ili apate ustahimilivu.

Na alumini ya Wilm? Atomi za shaba zilinaswa ndani yake wakati wa kuzamishwa, kila moja peke yake. Katika siku zile mbili za utulivu zilikuwa zikisogea polepole, zikakusanyika katika vikundi vidogo mno vilivyotapakaa kila mahali, na kila kikundi kikawa kizuizi. Metali haikuwa imetulia kamwe; macho ndiyo hayakuona. Vikundi hivyo viligunduliwa kwa eksirei mwaka 1938 na Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, na hata leo vinaitwa kwa majina yao.

Iko habari moja iliyojulikana baadaye sana. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Marekani, ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walirusha eropleni yao kwa mara ya kwanza. Safari hiyo ya kwanza ilichukua sekunde 12. Hawakuweza kupata injini nyepesi ya kununua, hivyo fundi wao Charlie Taylor aliwatengenezea moja, na ganda lake likasubuliwa kwa alumini yenye shaba kiasi cha sehemu nane katika mia. Walichotaka ni wepesi. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, Gayle na Goodway, walitangaza waliyoyaona walipotazama kipande kidogo cha ganda lile kwa hadubini ya elektroni. Vikundi vya shaba vilikuwamo. Joto la kalibu lilikuwa limetosha kuikomaza alumini ile bila ya mtu kukusudia, miaka mitatu kabla ya Wilm kukiacha kipande chake juu ya meza.